Kamba ya Jiwe

Mimi na mdogo wangu tunaishi Masasi. Mama yetu yuko Makote, kule juu Newala, ambako maji ni shida mwaka mzima. Kila Ijumaa nilimpandishia madumu ya maji kwa pikapu yangu ya dizeli, ya gia ya mkono, kuukuu, betri imechoka. Kwake niliegesha kwenye mteremko, pua ikitazama barabara, na mama akaweka jiwe mbele ya tairi. Jiwe lile alilifunga kamba. Wakati wa kuondoka alisimama pembeni akalivuta, nami nikaliacha gari liserereke kidogo, nikaachia klachi, injini ikashika. Mama hakuwa anaingia ndani mpaka asikie imeshika.

Mdogo wangu akanunua pikapu ya otomatiki. Dizeli vilevile, lakini hii mlimani inajibadilishia gia yenyewe. Akampeleka mama Masasi kumwona dada yake, na aliporudi sikusikia habari za mama mkubwa wala za safari.

"La mdogo wako linateleza, mwanangu," alisema. "Goti hata halikuuma."

Niliona wivu, mtu mzima mwenye mvi. Miaka yote nambebea maji, na siku hata moja sikuwahi kuambiwa habari za goti. Nikaanza kuichukia klachi yangu. Mwishowe nikamwendea mdogo wangu, nikamwomba tubadilishane magari. Nilijiandaa kubembeleza, lakini alikubali kabla sijamaliza.

"Kaka, kushuka ule mlima na magunia ya korosho, gia nataka niishike mwenyewe. Na hili, nikifika chini breki zinanuka."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ijumaa nikapanda Makote na otomatiki, nikaegesha nilipopenda. Mama aliitikia shikamoo yangu, akalisifu gari, tukashusha madumu. Wakati wa kuondoka nikazungusha ufunguo, nikatazama kwenye kioo. Mama alikuwa ameshaingia ndani.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta mdogo wangu amenitangulia. Gari langu la zamani lilikuwa mahali pake, kwenye mteremko. Nikabaki kwenye usukani kule ng'ambo ya barabara, natazama. Alimuaga mama, akapanda. Mama, na goti lake lile lile, akaenda upesi kuishika kamba, akavuta. Gari likaserereka, likakohoa, likashika. Akasimama pale, kamba mkononi, mpaka mlio ukapotelea kwenye mikorosho.

Nilishusha maji yangu, nikaondoka. Nilipofika Masasi nikampigia simu mdogo wangu, nikamfokea: anamsumbuaje mama mzee na mawe, kwa nini hanunui betri?

"Nilishanunua, kaka," alisema. "Siku ile ile tulipobadilishana. Lakini mama anapenda kuvuta ile kamba."