Nililinda Maslaha ya Wazee, Sasa Rufaa ya Ndugu Yangu Inanikaba

Salaam aleikum admin. Nifiche jina, mji usiufiche, maana watu wa Isiolo watanielewa haraka. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nauza vitambaa vya shiti na madera sokoni. Ndugu yangu wa mwisho, ambaye nilimlea mimi baada ya mama kufa, yuko jela mwaka wa nne kwa wizi wa mabavu. Alifungwa miaka thelathini.

Ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja walinyang'anywa kwa bunduki alfajiri, barabara ya Gotu. Shahidi wa maana alikuwa mmoja tu, mtu wa mtaa wetu, akasema alimwona ndugu yangu kwa taa za lori. Hakimu alimwamini kwa sababu hakuna aliyetaja jambo baya juu yake.

Mimi nililijua. Miaka miwili kabla ya hapo, huyo shahidi alishikwa akiwa na mbuzi walioibwa kwa jirani yetu. Alimsingizia kijana mwingine ili ajiokoe, kisha akakiri kwa polisi. Wazee wakaita maslaha, kikao cha kupatanisha watu nje ya korti, mbuzi wakarudishwa, tukakubaliana maneno hayo yasitajwe tena. Aliyemaliza kidato cha nne pale ni mimi, kwa hivyo niliandika mapatano na kutia sahihi. Ndugu yangu alikuwa Moyale na malori, hakujua chochote.

Upande wa mashtaka ulikuwa na rekodi ya polisi ya kukiri kwake na haukumpa wakili wetu. Na mimi nilikaa benchi la nyuma nikimtazama yule mtu akiapa. Nilimuuliza baba, "Aba, niambie wakili?" Akanijibu, "Hiyo maneno wazee walimaliza. Ukifufua, nani atakaa na sisi tena?" Nikatii. Nilidhani hakimu atauona uongo mwenyewe. Ujinga mtupu, na mimi ni mtu mzima.

Sasa wakili mpya ameipata ile rekodi, amekata rufaa kwamba ushahidi ulifichwa. Juzi aliniuliza, "Mama, kuna mtu wa familia alikuwa anajua hii?" Nikasema hapana. Akaandika hati ya kiapo kwamba hatukujua, nikatia sahihi ile ile iliyo kwenye mapatano. Nakala ya mapatano anayo shahidi. Halafu wakili akanieleza, bila kujua anaongea na nani, kwamba kama familia ilijua ikanyamaza, majaji watauliza mbona shahidi hakuhojiwa siku ile, na rufaa inaweza kufia hapo.

Jana ndugu yangu alinipigia kutoka jela. Sauti yake imebadilika, anacheka. "Dada, kumbe ni serikali ilificha ushahidi. Miaka hii yote nilikuwa nalaumu Mungu. Ni wewe tu hukuniacha." Nikamwambia ale vizuri.

Rufaa inasikizwa Jumatano. Nikisema ukweli namzika mwenyewe. Nikinyamaza na shahidi atoe ile karatasi, tunazikwa wote. Baba alishafariki, na wazee waliobaki wameniambia nisiguse. Sioni pa kutokea, nawaambia ukweli.

Sitaki pole zenu. Nataka shauri kutoka kwa mtu aliyewahi kumfunga mtu wake kwa kunyamaza. Ndugu yangu asikie kwangu kabla ya Jumatano, ama nimwachie hizi siku tatu acheke?