Nilisimamisha béton nimalize muchwa kwanza: nyumba yangu ya Saio

Bakubwa ba humu ndani, jambo kwenu.

Hii niko naandika nilifanya na mikono yangu, sikusikia kwa mutu. Mwenye hakubali, akuje Saio nimuonyeshe ukuta.

Nyumba ya kwanza tulijenga na marehemu bwana yangu, muchwa iliimaliza. Siku moja nilisukuma mulango, mbao zake zikanibakia mu mikono, ndani vumbi tupu.

Na tulikuwa tumepiga simenti muzuri kuzunguka nyumba! Kumbe muchwa ilikuwa inapita chini yake, hakuna mwenye anaiona.

Bwana akafariki. Nikajenga ya pili, miye peke yangu. Ya tatu sitaweza, nguvu iliisha. Njo maana siku ile nilikuwa mukali.

Masoni yangu alikuwa shemeji, kaka mukubwa wa marehemu. Fundi kabisa, lakini kichwa ngumu. Asubuhi ya kumwanga béton, ile zege ya kuzunguka nyumba, nafika, nakuta yeye na bamasoni bake banajaza chini vipande vya mbao na mifuko ya simenti ya karatasi. Eti ni ya kuinua udongo! Kumbe ni chakula ya muchwa.

Nikasema, "Simameni."

"Shemeji, béton imeshachanganywa," akanijibu. "Muchwa haikulake béton."

"Béton haikule. Inapita chini, inakuja kukula milango yangu. Mutoe yote."

Bakacheka. Mumoja akasema niende kuangalia sombe jikoni. Ee! Nikavua viatu, nikafunga kitambaa kiunoni, nikachukua jembe.

Nikaanza kuchimba kamufereji kando ya ukuta, mpaka kufika kwa fondasio, musingi wa nyumba. Kufika nyuma ya chumba ya kulala, nikamuita shemeji aone. Kanjia ka muchwa, ka udongo, kembamba kama kidole, kalikuwa kanapanda ukutani. Nyumba yenye hakuna mutu alishalala ndani!

Shemeji akachukua kitiyo ya kutolea udongo, akashuka mu mufereji. Bamasoni bakamufuata, kicheko kiliisha.

Ile béton ya asubuhi tukaimwanga ku njia ya kwenda choo. Siye tukatoa mbao, mizizi na makaratasi yote. Dawa ya muchwa nikaichanganya na maji vile chupa inasema, gants mikononi, kuku zimefungwa, mbali na kisima. Tukamwanga mu mufereji kuzunguka nyumba yote, tukarudisha udongo tukiuchanganya na dawa. Ilipokauka, béton ikamwangwa.

Na musiniambie nachukia hii mududu. Kumbikumbi nakula, tena sahani mbili! Lakini yenye inatoka karibu na ukuta wenye dawa, kwangu hakuna mwenye anagusa.

Sasa misimu mbili ya mvua imepita. Kila wiki nazunguka nyumba na tochi. Hakuna hata kanjia kamoja. Najivunia, sitaficha.

Nilichojifunza ni hiki: béton haifukuze muchwa, inaificha. Mufunge njia yake kwanza, mbele ya kupamba nje.

Wiki hii shemeji anajenga nyumba ya mutoto wake kule Boga. Akanipigia simu, bamasoni bake bote banasikia:

"Shemeji, mufereji tumechimba. Kuja uangalie. Kama weye hujasema ndiyo, hakuna mutu hapa anamwanga béton."

Nililia kidogo, bandugu. Kesho niko njiani. Mwenye alishapigana na muchwa kwake, aandike hapa chini alifanya nini, nitasoma mu gari.