Saba ya Ngalula

Enzi zetu hesabu zilifanywa kwa miguu. Msinicheke. Ninyi mliosoma Kolwezi miaka ile king'ora cha mgodi kilipoanza kunyamaza, na baba zetu wakawa wanashinda nyumbani na ovaroli safi, mnajua ninachosema. Vitabu vilikuwa vya kugombania na chaki zilikuwa zimekwisha, lakini uwanja wa shule yetu ya Manika ulikuwa mpana, na Mwalimu Ilunga alikuwa na ndoo ya chokaa. Mtoto wa siku hizi ukimwuliza saba mara nane anapapasa mfuko kutafuta simu.

Kwa chokaa hiyo mwalimu alichora miraba mia moja, safu kumi za kumi, akaunganisha madarasa mawili ya sita, kila mtoto akasimama kwenye namba yake. Yeye mwenyewe alisimama kwenye moja, kwa kuwa moja, alisema, haina upande. Kisha wakaja warukaji. Wa mbili alianzia kwenye mraba wake, akaruka nne, sita, nane. Kila aliyegongwa bega alitoka akakae kwenye majani. Akafuata wa tatu, wa tano, halafu wa saba. Waliobaki wamesimama ndio namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Sisi tuliwaita kichwa nguvu, na kubaki kichwa nguvu kulikuwa kutamu kuliko paja la kuku la Jumapili.

Mbili na tano hushuka kwa mstari ulionyooka, yeyote anaweza. Tatu huenda upande upande. Saba ndiyo inayotangatanga, na saba ilikuwa ya Ngalula, rafiki yangu, binti wa fundi umeme. Familia yao ilikuwa ya asili ya mkoa wa Kasai, lakini yeye na baba yake walizaliwa hapahapa Kolwezi. Hakukosea hata mraba mmoja. Mimi nilikuwa tisini na moja. Ukiitazama namba hiyo utaapa ni tasa: mbili haiigusi, tatu haiigusi, tano haiigusi. Nilijivuna kila mara, mpaka Ngalula afike anigonge bega: "Toka, weye! Saba mara kumi na tatu."

Siku moja Kapend, aliyesimama kwenye arobaini na tisa, aliuliza kwa nini kumi na moja haruki. "Ruka basi," mwalimu akamwambia. Akaruka ishirini na mbili, patupu. Thelathini na tatu, patupu. Hivyo hivyo mpaka tisini na tisa, kote wenzake walishapita. "Unaona? Saba mara saba iko ndani ya mia. Kumi na moja mara kumi na moja inapita. Hapo unaacha." Wataalamu nao, mwalimu alisema, namba wakiipima kama ni tasa huigawanya kwa tasa ndogo moja baada ya nyingine, na huacha wakifika ile ambayo ikijizidisha yenyewe inaipita. Zile kubwa mno zina njia zake nyingine. Tulijiona maprofesa, na sioni kwa nini tusingejiona.

Kisha likaja neno la kufukuza. Ikasemwa kila mahali kwamba watu wa Kasai warudi kwao, kana kwamba Ngalula alikuwa na kwao pengine. Mlango wa nyumba yao ulivunjwa, wakahamia stesheni na magodoro yao kungoja treni. Mama yangu aliogopa. "Usiende tena kwabo," aliniambia. "Majirani banatuangalia." Nilimchukia siku ile, nasema wazi.

Siku ya kusoma matokeo mbele ya wazazi, darasa la sita lilitakiwa kuonyesha mchezo wetu. Mkurugenzi wa shule alitafuta mrukaji mwingine wa saba. Akamwita Kapend, naye akajibu kwa heshima: "Hapana, tata. Ile ni ya Ngalula." Akamwita Mujinga, msichana aliyesimama kwenye sabini na saba, jibu lilikuwa lilelile. Basi wakaruka mbili, tatu na tano tu, na mraba wa saba ukabaki mtupu. Wazazi wakapiga makofi.

"Hawa wote ndio tasa?" mkurugenzi akauliza.

"Hapana, tata mkurugenzi," mwalimu alijibu. "Batatu si ba kweli."

"Batoke, sasa!"

"Mwenye kubatosha eko ku gare."

Makofi yakakatika. Kila mtu pale alijua ni nani wa kututoa, na kwa nini yuko stesheni. Mama akaniita kutoka kwenye viti: "Toka, mwanangu. Banatuona." Sikutoka. Kapend hakutoka, Mujinga hakutoka. Jua likatuchoma, wazazi wakaanza kuondoka wameinamisha vichwa. Mama alibaki. Mwishowe akaja mpaka kwenye mraba wangu, akavua kitambaa chake cha kichwa, akanikinga jua nacho.

Binti yangu ananiambia simu yake inapima namba ndefu kama treni kabla sijamaliza kukohoa. Hongera yake. Nilimwuliza kama simu hiyo imewahi kusimama juani kwa ajili ya mtu. Akacheka, akaendelea kubonyeza.

Treni ilimchukua Ngalula wiki ileile, hatukuonana tena. Mimi sasa ni mama mzima mwenye miwani, na najua vizuri kwamba tisini na moja inagawanyika. Lakini wa kunigonga bega hakuja, na mwingine sikumruhusu. Bado nimesimama.