Wekundu Uliomsumbua Mlinzi wa Miwa

Sastra alilinda miwa ya Waholanzi hapa kwetu Tegal, kisiwani Java, miaka kumi na tisa, na kazi hiyo ilimfundisha kumtazama kila mtu kama mwenye kiberiti mfukoni.

Mwaka 1883 mlima wa Krakatau ulipopasuka kule baharini, magharibi ya mbali, sisi tulisikia mngurumo tu. Siku chache baadaye anga likaanza vituko. Jua lilizama kama kawaida, giza likaanza kuingia, mara magharibi kukawaka upya, kwekundu kama makaa.

Sastra akaligonga gogo la hatari. Tulikimbia na ndoo, tukakuta miwa imesimama salama. Kesho yake vilevile. Jioni ya tatu hakutoka mtu.

"Pumzisha mikono, Baba Ginem," mke wangu alimtania Sastra. "Utatutia uziwi."

"Kuna mtu anawasha, akituona anazima," alijibu. "Ananichezea."

Alimshuku Karsa, mkata miwa aliyefukuzwa na msimamizi. Karsa alikuwa akitoka peke yake kila jua likizama, akielekea upande uleule wa wekundu. Jioni moja Sastra akamnyemelea. Alimkuta amekaa juu ya tuta la mto, mikono mitupu.

"Unangoja nini hapa?"

"Namkumbuka dada," Karsa alisema. "Aliolewa kule Anyer. Mlima ulipopasuka bahari ilipanda, ikamchukua na wanawe."

"Pole. Na huu moto?"

"Si moto, kaka. Mabaharia wanasema kila bandari wameuona. Vumbi la mlima bado limetanda juu kabisa. Jua likishazama kwetu, vumbi huko juu bado linamulikwa nalo."

"Vumbi haliwaki."

"Basi twende tukauzime."

Walitembea hadi daraja la tatu. Wekundu ulibaki mbele yao, haukukaribia hata hatua, kisha ukafifia. Hapakuwa na moshi. Sastra alinusa upepo, halafu akanusa mkono wa shati la Karsa. Karsa akamwachia.

"Umeridhika?"

"Bado."

Hata hivyo, gogo halikulia tena kwa sababu ya anga. Wiki iliyofuata Sastra alimwendea msimamizi, akamwombea Karsa kazi ya ulinzi.

"Umemwamini, basi?" nilimuuliza.

"Nani kasema? Nataka awe karibu, nimwone vizuri."

Walilinda pamoja mpaka mvua zikaanza.