Bluu Iliyojificha Ndani ya Naftalini

Nilikuwa kidato cha tatu, Homa Bay, mwalimu wa kemia alipotuambia kwamba naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye nguo, hutokana na lami ya makaa ya mawe, na kwamba viwandani hugeuzwa kuwa rangi ya bluu. Wenzangu waliandika wakasahau. Mimi nilikosa raha. Kitu cheupe pepepe kinaficha bluu wapi?

Likizo ilipofika nilirudi kwetu Suna, nikamkuta mama, Mkuria asiyependa mzaha na kazi yake, anasuka kikapu. Dada yangu alikuwa ameolewa na Mluo wa Oyugis, na Jumamosi mama angekwenda kwao kwa mara ya kwanza, na unga wa wimbi ndani ya kikapu alichokisuka mwenyewe. Ukweni, wanawake hukikagua kikapu kabla ya kilichomo. Rangi yake ya bluu ilikuwa imemwishia amebakiza mistari mitatu ya juu, na dukani hakukuwa na nyingine.

"Niachie mimi," nikasema. Kiherehere changu hicho!

Rangi ya dukani mama huichemsha kwa maji na chumvi, kisha hutumbukiza nyuzi za katani anazosukia. Nami nikafanya vivyo hivyo na naftalini zote za sanduku lake la nguo, nikiamini bluu itatoka tu, kama majani ya chai yanavyotoa rangi. Vidonge viliyeyuka vikaelea kama mafuta ya supu. Maji yakabaki maji. Yalipopoa, kitu kama nta kilikuwa kimegandia katani yote iliyobaki, na harufu yake jua la siku mbili halikuiondoa.

Mama hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisuka mistari mitatu myeupe, akaniambia twende wote.

Kule Oyugis, mama mkwe wa dada alifunua kikapu, akarudi nyuma.

"Yawa! Mama, hii unga inanuka sanduku ya nguo."

Wanawake wakatazamana. Dada aliinamisha kichwa, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichemsha naftalini nikitafuta bluu."

Mama, ambaye hakumaliza hata darasa la pili, akaniwekea mkono begani.

"Mwalimu wake anasema iko ndani," akawaambia. "Huyu bado anatafuta. Akiipata, nitawaletea kikapu ingine."