Makala Yasiyokunywa Maji

Siku ya kwanza kuingia labo yetu, maabara ya kando ya ziwa huko Nchelenge, nilikuwa binti aliyetoka shule juzi, nimevaa viatu vya kuazima. Chef, mkuu wa labo, mwanakemia kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, hakuniuliza diploma. Alinipa kipande cha makala, makaa ya maganda ya ngazi za michikichi, akasema, "Lamba."

Nikalamba. Makala yakang'ang'ania ulimi.

"Unaona, mama? Iko na matundu mingi, inakunywa maji yote. Kazi yetu ni kuikataza."

Niwaelezee ninyi vijana. Makala ya namna hiyo hujazwa kwenye maski za wafanyakazi wa migodini, yanase mvuke wa sumu. Hewa ikiwa na unyevu, matundu hujaa maji na sumu hupita. Ndiyo maana wakubwa walituweka kando ya ziwa la Mweru, ambako hata chumvi haikauki. Dawa yake ilikuwa florini, gesi kali kupita zote. Tulikausha makala kwa moto ndani ya bomba la nikeli, tukayaacha yapoe, kisha tukapitisha florini kidogo ndani ya azoti nyingi, gesi tulivu isiyowaka. Florini ikizidi, makala hulipuka. Ikitosha, hushika kuta za kila tundu, na maji hayaingii tena.

Shida ilikuwa masalio. Florini ikikutana na unyevu huzaa asidi inayokula hata kioo, kwa hiyo tuliikusanya kwenye chupa ya plastiki. Chupa ikapasuka. Nyingine iliagizwa, haikufika. Mukubwa wa stesheni akaja mlangoni.

"Ba Chef, wageni wa kukagua kazi wako njiani. Fanyeni na kile mulicho nacho."

Chef akapaka nta ndani ya chupa ya kioo. Tangu hapo hakumruhusu mutu mwingine kuigusa.

Joto la kabla ya mvua likalegeza nta. Asubuhi moja aliinua chupa, kitako kikabaki mezani. Asidi ikammwagikia mapajani. Nilimmwagia maji ndoo kwa ndoo, nikakata suruali yake kwa mkasi. Alicheka kwa haya.

"Haiume sana, mama. Usilie."

Asidi ile haiishii kwenye ngozi. Hupenya ndani, ikanyang'anya damu kalsiamu yake, na bila kalsiamu moyo haupigi. Hospitali tulikomkimbiza haikuwa na sindano ya kalsiamu. Kabla jua halijatua, vidole vya Chef vilijikunja, akatuacha.

Muke wake alivuka ziwa kuja kumchukua. Jeneza likiwa tayari mutumbwini, aliingia labo.

"Bwana yangu alikuwa anafanya nini hapa? Unionyeshe."

Niliweka kwenye sahani kipande cha mwisho cha makala aliyoyatengeneza, nikadondosha maji. Tone lilisimama juu yake, likateleza, likaanguka.

"Ni hii tu?"

"Ndiyo, mama. Ni hii."

Akakifunga kile kipande kwenye pindo la kitenge chake, akatoka.

Labo ilifungwa. Nilihamishiwa Chienge kupima maji ya visima, chini ya mukubwa mmoja, kisha mwingine, hadi pensheni. Kila mukubwa mupya nilimuuliza kama kliniki ina kalsiamu. Waliniona mutu wa ajabu.

Mwaka huu mujukuu wangu amechagua kusoma kemia. Alikuja kuomba baraka. Nilimpa. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mulango, asinione nikilia.