Maneno Niliyompa Dobi

Kazi yangu mimi ni kuandika maneno kwenye katuni. Kaka anachora, mimi naandika. Watu wakisikia hivyo wananitazama kana kwamba nimesema nalipwa kulamba stempu, lakini hebu mchukue mtu mwenye misuli, mweke ukurasani bila neno hata moja, uone kama kuna atakayenunua toleo la pili. Naandika kwa mkono, herufi kubwa, kalamu ya ncha nyembamba. Kila kiputo, yaani kile kiduara cha maneno kinachotoka mdomoni mwa mtu, nakipima kwa rula kwanza. Kaka akishachora ndipo mimi nabanana na nafasi aliyoniachia. Ananiachia kidogo siku zote, na huu ni mwaka wa tano tunagombana kwa hilo.

Shujaa wetu anaitwa Bwana Pasi. Anafua na kunyoosha nguo za watu, na akimgundua mwongo au mdhulumaji, anamfuata na pasi ya mkaa na kumtia alama shavuni. Malaika si yeye. Anakosea. Kwenye toleo la kumi na nne alimuunguza karani wa watu ambaye hakuwa na kosa lolote, akaligundua hilo ukurasa wa mwisho, akageuka akaondoka kimya. Barua za wasomaji zilijaa beseni. Nusu walisema huyo ni mnyama, hafai kusomwa. Nusu walisema dunia ilipofika inamhitaji mtu wa namna hiyo. Wote wakanunua toleo la kumi na tano.

"Mwema mtupu hasomwi," kaka aliniambia siku hiyo, "na mbaya mtupu hasomwi. Mdogo wangu, shika hapo hapo katikati."

Sasa, kaka ana tabia moja. Sura hazitoi kichwani, anazichukua dirishani. Bwana Pasi ni dobi wetu wa pale kona mtupu: mabega yale yale, kibanda kile kile, hata pasi yenyewe yenye kijogoo cha shaba kwenye kifuniko. Dobi alijua na alijivunia. Alibandika matoleo yote ukutani juu ya meza yake ya kunyooshea. Ni mtu mpole, anaongea polepole, mzaha haujui. Wateja walipoanza kumwita Bwana Pasi aliitika, na sisi tuliona inachekesha.

Toleo la ishirini lilipohitaji mhalifu, mimi ndiye niliyemtaja fundi saa. Nisijitetee. Nilikuwa na kinyongo naye. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, alituachia saa ya mkono iliyosimama, nikampelekea huyo fundi, akakaa nayo miezi minne. Kila nikienda, "Kipuri bado, binti." Siku moja nikapandwa na hasira nikamwita mwizi mbele ya wateja wake, nikatoka, na tangu hapo nikawa napita upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo kaka alipouliza nani tumfanye muuza dawa bandia, jina la kazi yake lilinitoka lenyewe.

Kaka alicheka, akamchora. Upara, lenzi juu ya paji la uso, kibanda cha buluu chenye mlango mmoja. Mimi nikamwandikia jinsi anavyoficha dawa bandia ndani ya maboksi ya saa, na jinsi watu wanavyozinywa na kuzidi kudhoofika. Toleo liliishia Bwana Pasi amesimama mlangoni kwake, anasema, "Fungua. Makaa yameshika." Niliuonea fahari mstari ule. Niliusoma kwa sauti mara tatu nikiwa peke yangu jikoni.

Ambalo sikulijua ni kwamba mke wa dobi alikuwa mgonjwa. Kwa miezi miwili alikuwa anakunywa vidonge bila kupata nafuu.

Jumatatu baada ya toleo kutoka nilikwenda kununua wino, nikaona ukurasa wetu umebandikwa kwenye mlango wa fundi saa. Jumanne benchi lake la wateja lilikuwa tupu. Jumatano mama wa genge, huku ananichagulia nyanya, alininong'oneza, "Nyie mna habari zenu. Hamwezi kumchora mtu bure." Nikamwambia ni hadithi tu, mama, tumetunga. "Ndiyo, semeni hivyo hivyo," akasema, "kesi mbaya." Akanikonyeza.

Nilirudi mbio nikamwambia kaka, naye hakuinua hata kichwa kwenye karatasi. "Ni katuni. Wiki ijayo watasahau." Nilitaka kumpiga na rula. Usiku ule kila nilipofumba macho nilikiona kile kibanda cha buluu chenye mlango mmoja. Niliogopa. Niliogopa kama mtu aliyeacha jiko linawaka na yuko mbali na nyumbani.

Alhamisi mchana nilichukua shuka nikampelekea dobi. Nilijidanganya kwamba ni ya kunyooshwa, kumbe nilitaka kumwona macho yake yakoje. Nguo za watu zilikuwa zimelundikana mezani hazijaguswa. Hilo sijawahi kuliona kwake. Pasi ilikuwa wazi, imejaa makaa, naye anayapepea kwa kipande cha boksi.

"Dada," alisema, "toleo lijalo Bwana Pasi anamfanya nini yule fundi?"

"Bado hatujaandika. Wifi anaendeleaje?"

"Vilevile. Zile dawa hazimsaidii." Akafunga kifuniko, kijogoo kikalia kach. "Nimeliangalia boksi la dawa zake. Linafanana kabisa na boksi la saa."

"Maboksi yote yanafanana, kaka yangu."

Akaichukua pasi, akatoka. Nikamfuata.

Kutoka kwa dobi hadi kwa fundi saa ni maduka saba. Kila tulipopita, mtu alitoka akajiunga nyuma yetu. Hakuna aliyeuliza kitu. Wengine walikuwa wanacheka, wanapigana vikumbo, "Bwana Pasi huyo anakwenda kazini." Walidhani ni mchezo, au walitaka kudhani. Mimi nilikuwa naona moshi mwembamba ukitoka kwenye matundu ya pasi.

Alisimama mlangoni pa kibanda cha buluu.

"Fungua," alisema kwa ile sauti yake ya polepole. "Makaa yameshika."

Maneno yangu. Jikoni kwangu yalikuwa matamu, na hapa yalikuwa yanamjia mzee wa watu niliyemwona kupitia kidirisha, mwenye bisibisi ndogo mkononi, nyuma ya meza, asiye na pa kutokea. Fundi alifungua, sijui kwa nini. Nadhani alikuwa na hofu kuliko mimi na hakujua la kufanya na mikono yake.

Nilipenya kwa ubavu nikasimama mbele ya meza yake.

"Huyu hana dawa yoyote," nilisema. "Nimemtunga mimi."

Dobi alinitazama. "Kwa nini umtunge yeye?"

"Nilimkasirikia. Kwa ajili ya saa ya baba."

"Alikuibia?"

"Nilidhani."

Alifikiri kidogo. Nyuma yake watu walikuwa wamenyamaza kabisa. "Kwa hiyo mwongo ni wewe," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliinua pasi kidogo. Joto lilinigusa shavuni, na nikasikia harufu ya ile nguo aliyozungushia mpini. "Wewe ndiye unayemwandikia. Niambie. Bwana Pasi angefanya nini hapa?"

Nilijua. Watu wote pale walijua. Miaka mitano nimemtia maneno mdomoni, na sasa nilitafuta moja tu la kujiokoa nikalikosa.

"Angekwenda nyumbani," nilisema.

"Hapana, dada. Nimesoma matoleo yote. Asingekwenda."

Nyuma yangu droo ilivutwa. Dobi aligeuza macho, mimi sikuthubutu. Fundi saa alinyoosha mkono kando ya bega langu na kuweka bahasha ya kaki juu ya meza. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, Binti wa mwalimu. Akaiinamisha, saa ya baba ikateleza nje. Ilikuwa inatembea. Kwa ule ukimya sote tuliisikia.

"Kipuri kilipatikana," alisema. "Ni miezi minane sasa. Naitia ufunguo kila asubuhi isije ikagoma tena. Nakuita, binti, ukipita kule ng'ambo. Hugeuki."

Dobi aliteremsha pasi juu ya meza ya mbao, taratibu, kama anavyoiteremsha kwake, akaiangalia ile saa. Aliiangalia muda mrefu. Mbao ilianza kutoa moshi ndipo akashtuka akaiinua pasi, na pale palibaki alama nyeusi ya pembetatu. Akamtazama fundi. Akanitazama mimi. Kisha akageuka, akapita katikati ya watu, akaondoka bila kusema neno. Wengine walisonya, wengine walijifanya walikuwa wanapita tu. Mama wa genge alisema alijua tangu mwanzo kwamba ni hadithi.

Mimi niliivaa saa ya baba. Nilimwambia fundi, "Asante." Asante tu. Lile neno lingine lilikuwa limenikaa kooni, nikaona nitalisema kesho, nikishatulia, nikilipanga vizuri. Kesho yake kibanda kilikuwa na kufuli. Na keshokutwa. Nimekwenda mara tatu. Fundi cherehani wa jirani anasema mzee alibeba vifaa vyake kwenye mfuko mmoja na hakuaga mtu.

Jumamosi mlango wetu uligongwa. Alikuwa dobi, ameshika shuka langu limenyooshwa, limekunjwa pembe kwa pembe. Nilirudi nyuma hatua mbili kabla sijajizuia, naye aliona.

"Wifi yako amelazwa," alisema. "Wamembadilishia dawa. Nina swali moja, dada, kisha nakwenda. Toleo la kumi na nne. Yule karani. Bwana Pasi alishajua kwamba amemuonea. Kwa nini hakumwomba radhi?"

Wasomaji wengi walituuliza swali hilo. Kaka huwa anawajibu mambo makubwa makubwa, eti mtu aliyezoea kuhukumu hupoteza ulimi wa kuomba. Mimi nilisimama pale mlangoni na saa inanigongagonga mkononi, nikaona huyu nimeshamdanganya vya kutosha.

"Hapakuwa na nafasi," nilisema. "Kaka alimchora mgongo mkubwa, ukajaza picha nzima. Neno nilikuwa nalo. Kiputo hakikuenea."

Dobi aliilaza vizuri pembe ya shuka kwa kidole gumba.

"Na mimi nilimgeuzia mzee wa watu mgongo nikaondoka," alisema, "nikajua ndivyo inavyofanywa." Akanipa shuka. "Si mngeupunguza tu huo mgongo."